Simu iliyomwokoa mzazi imwokoe na mgonjwa wa moyo

Kwa miaka mingi tumezoea kuyahesabu maradhi ya moyo kuwa ni maradhi ya mijini, tena ya watu wenye uwezo. Mazoea hayo yamekwisha kupitwa na wakati, na kuendelea kuyashikilia ni kuyahatarisha maisha ya wananchi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 8.9 walikufa kutokana na kuziba kwa mishipa ya moyo, na hapakuwa na ugonjwa mwingine hata mmoja ulioua watu wengi kiasi hicho ulimwenguni. Maradhi haya hayaulizi kama mtu anaishi Dar es Salaam au anaishi Tura. Linaloamua kufa na kupona, mara nyingi, ni jambo moja: msaada umefika baada ya muda gani?

Hilo la muda ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Nchi yetu imekwisha kuonyesha kwamba simu ya mkononi yaweza kumwahi mama mjamzito aliye kijijini na kumfikisha hospitali kabla mambo hayajaharibika. Tunaamini kwamba wakati umefika wa kumwahi na mgonjwa wa moyo kwa njia hiyo hiyo. Tunaamini vilevile kwamba simu peke yake haimtibu mtu. Kazi yake ni kufupisha muda, na muda uliofupishwa una faida pale tu ambapo anayepiga anajua anachokiona, na anayepokea ana uwezo wa kutenda.

Tumeitaja Tura kwa makusudi. Kata hiyo imo katika Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora, kando ya Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 100 mashariki ya mji wa Tabora. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ilifika hapo baada ya kulivuka pori kali lisilo na maji lililoitwa Mgunda Mkali. Richard Burton, aliyepita Tura mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni kutua mzigo. Kwa mpagazi aliyekuwa amechoka kwa kiu na uzito, Tura ilikuwa mlango wa Unyamwezi na mwanzo wa usalama. Burton mwenyewe aliondoka pwani mwishoni mwa Juni akaingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Safari hiyo ilichukua zaidi ya miezi minne.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, miezi ikawa siku. Hata hivyo, kwa mtu aliyeshikwa na moyo usiku wa manane, kilomita hizo 100 bado ni pori. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau wakazi wa Tura, wala kwa kudai kwamba wao peke yao ndio walio mbali. Kata zenye hali hiyo ni nyingi katika nchi yetu. Tura ni mfano mzuri kwa sababu jina lake linatukumbusha kwamba hapo ndipo watu walipotegemea kuutua mzigo.

Kwanza hatuna budi kuelewa ni nini hasa kinachotokea mtu anaposhambuliwa na moyo. Moyo ni msuli, nao hulishwa damu na mishipa yake wenyewe. Mshipa mmojawapo ukizibwa ghafla na bonge la damu iliyoganda, sehemu ya msuli inayolishwa na mshipa huo huanza kufa. Haifi yote kwa mara moja. Hufa kidogo kidogo, dakika baada ya dakika, kwa muda wa saa kadhaa. Msuli uliokufa haurudi. Kwa sababu hiyo, tiba yote ya shambulio la moyo ni mbio za kuuzibua mshipa kabla msuli haujamalizika.

Mshipa huzibuliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupitisha mrija mwembamba mwilini hadi kwenye mshipa uliozibwa na kuufungua kwa mtambo maalumu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hufanya kazi hiyo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma nayo imejenga huduma hiyo. Njia ya pili ni kumdunga mgonjwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Njia ya kwanza ni bora zaidi iwapo mgonjwa aweza kuifikia katika muda wa saa mbili hivi. Mgonjwa wa Tura hawezi. Kwake yeye, na kwa Watanzania walio wengi, njia iliyo ya kweli ni kupewa dawa ya kuyeyusha damu mapema katika hospitali iliyo karibu, kisha kupelekwa kwenye mtambo mkubwa akiwa amekwisha kupata nafuu ya kwanza.

Neno mapema hapa lina hesabu yake. Mwaka 1996 wataalamu walijumlisha matokeo ya majaribio mengi ya dawa hiyo. Waliona kwamba inapotolewa katika saa ya kwanza tangu maumivu yaanze, huokoa watu 65 wa ziada katika kila wagonjwa 1,000 wanaotibiwa. Inapotolewa katika saa ya pili, idadi hiyo hushuka hadi 37. Dawa ni ile ile na maradhi ni yale yale, lakini saa moja ya kungoja imepunguza karibu nusu ya faida yake.

Sasa tutazame jinsi saa hizo zinavyopotea. Tuchukue mfano wa mwalimu wa makamo, mwenye shinikizo la juu la damu, ambaye saa nne za usiku anahisi kifua kinabanwa kama kimewekewa jiwe. Maumivu yanapanda taya na kushuka mkono wa kushoto, jasho jembamba linamtoka, anasikia kichefuchefu. Nyumbani wanasema ni gesi. Anapewa maji ya uvuguvugu na tangawizi. Saa moja inapita. Jirani anasema huenda ni kichomi, mwingine anasema ni vidonda vya tumbo, na wa tatu ananong'ona kwamba mwalimu huyu ana maadui. Saa ya pili inapita. Hatimaye anatafutwa kijana mwenye pikipiki, na mgonjwa ambaye hakupaswa hata kutembea anapakiwa nyuma na kupelekwa zahanati. Mganga mfawidhi anaamshwa. Kipimo cha umeme wa moyo hakipo. Anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa asubiri kupambazuke ili utafutwe usafiri. Kulipopambazuka, msuli uliokuwa ukililia damu umekwisha kufa, au mwalimu mwenyewe amefariki, na kijiji kizima kinasema siku yake ilikuwa imefika.

Katika mfano huu hakuna mtu mmoja aliyekuwa mkatili au mzembe. Kila mmoja alifanya alilolijua. Kilichomuua mwalimu huyu ni mnyororo wa kutojua, na mnyororo huo haukatiki kwa lawama.

Tena tusidhani kwamba kutojua huko ni kwa wanavijiji peke yao. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja ya rufaa huko Moshi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020, uliwapima kwa utaratibu maalumu watu wazima waliofika idara ya dharura wakilalamikia maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja katika kila watano walikutwa na shambulio la moyo. Walioandikiwa ugonjwa huo na wahudumu waliowapokea walikuwa wachache mno, na katika siku 30 zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kufariki. Ikiwa hali ni hiyo ndani ya hospitali kubwa yenye vipimo na wataalamu, ni rahisi kukisia hali ilivyo katika zahanati iliyo kando ya reli. Watu wetu wanakufa kwa moyo, lakini katika daftari tunaandika jina jingine, na baadaye tunatazama daftari hilo hilo na kusema kwamba ugonjwa huu kwetu haupo.

Ndipo tunapofika kwenye simu. Mfumo wa m-mama ulianza kwa majaribio katika Wilaya ya Sengerema na Mkoa wa Shinyanga, na mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mjini Dodoma ili uenee nchi nzima. Utaratibu wake ni mwepisi kueleza. Mama mjamzito au aliyejifungua, au mtoto mchanga, akipatwa na dharura, hupigwa namba 115 bila malipo. Mtaalamu wa afya katika kituo cha kuratibu rufaa hupokea, huuliza maswali yaliyokwisha kupangwa, hupima uzito wa hali, na huchagua kituo kinachomfaa mgonjwa. Gari la wagonjwa likiwa karibu hutumwa. Lisipokuwepo, huitwa dereva wa jamii aliyekwisha kuandikishwa, mwenye gari lake mwenyewe, na nauli yake hulipwa kwa simu kazi inapokwisha. Wakati huo huo hospitali inayopokea hupewa habari ili ijiandae.

Wafanyakazi wa Reli ya Kati watautambua utaratibu huu mara moja. Tangu enzi za mvuke, mkuu wa stesheni hakuiruhusu treni itoke mpaka awe amewasiliana na mwenzake wa stesheni inayofuata na kuhakikishiwa kwamba njia iko wazi. Treni haikuonekana kwa ghafla tu mlangoni. Ilitangulizwa na habari. Mgonjwa wa dharura naye apaswa kutangulizwa na habari vivyo hivyo, ili akifika akute kitanda, kipimo na daktari vikimngoja, badala ya yeye kuvingoja.

Wala wazo la kuupeleka moyo wa mgonjwa kwa njia ya simu si geni. Mwaka 1905 Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyevumbua kipimo cha umeme wa moyo, aliunganisha waya wa simu kutoka hospitali ya Leiden hadi maabara yake iliyokuwa umbali wa kilomita moja na nusu, na mapigo ya mgonjwa yakasomwa huku mgonjwa mwenyewe akiwa hospitalini. Kwa hiyo jambo tunalolihitaji Tura lina umri wa zaidi ya miaka 100. Kilichobadilika ni kwamba leo haihitaji waya. Karatasi ya kipimo hupigwa picha kwa simu janja na kutumwa kwa bingwa aliye mamia ya kilomita, naye hutoa jibu katika dakika chache.

Kuna nchi ambazo zimekwisha kupita njia hii, tena zenye vijiji kama vyetu. Katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, hospitali ndogo ziliunganishwa na hospitali kubwa zenye mtambo wa kuzibua mishipa, magari ya wagonjwa yakaunganishwa nazo kwa namba moja ya simu, na vipimo vya moyo vikawa vinatumwa kwa mtandao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba vifo katika mwaka wa kwanza baada ya shambulio vilipungua kutoka asilimia 17.6 hadi 14.2. Mtu aweza kusema kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Kwetu sisi, watu watatu au wanne walio hai katika kila 100, ambao vinginevyo wangekuwa makaburini, si jambo dogo. Huko Sweden nako, jijini Stockholm, watu wa kawaida waliofundishwa kukandamiza kifua waliandikishwa katika mfumo wa simu. Moyo wa mtu uliposimama kabisa, waliokuwa karibu naye waliarifiwa kabla gari halijafika. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba pale walipoarifiwa, wagonjwa waliopata msaada wa wapita njia walikuwa asilimia 62, na pale ambapo hawakuarifiwa walikuwa asilimia 48.

Sasa tuseme waziwazi nini kifanyike.

Kwanza, namba 115 ambayo wananchi wamekwisha kuizoea kwa ajili ya wazazi iwe pia mlango wa mgonjwa wa moyo. Si busara kumpa mwananchi namba ya mzazi, namba ya moyo na namba ya ajali, kisha tumtazamie achague iliyo sahihi usiku wa manane huku mikono ikimtetemeka. Wapokeaji wa simu waongezewe mwongozo wa maswali ya kifua: maumivu yalianza saa ngapi, yanabana au yanachoma, yanasambaa wapi, mgonjwa anatoka jasho, ana kisukari au shinikizo la damu?

Pili, kila zahanati iwe na kipimo cha shinikizo la damu kinachofanya kazi na akiba ya vidonge vya aspirini. Jambo hili halihitaji wafadhili kutoka ng'ambo. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1988, lililowahusisha wagonjwa 17,187 katika nchi 16, lilionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo vya shambulio la moyo kwa asilimia 23, na ilipotolewa pamoja na dawa ya kuyeyusha damu vifo vilipungua kwa asilimia 42. Ni kidonge ambacho bei yake haimshindi mtu. Mhudumu wa zahanati akikitoa baada ya kuhakikisha kwamba mgonjwa hatoki damu na kwamba dawa hiyo haimdhuru, atakuwa ameanza tiba ya kweli kabla gari halijawashwa.

Tatu, kila kituo cha afya kiwe na mashine ya kupima umeme wa moyo na angalau watumishi wawili wanaojua kuitumia na kutuma picha ya kipimo. Nasi tungependa hapa kutoa tahadhari. Madukani na mitandaoni vimeenea vifaa vidogo vya kubandika kwenye simu au kuvaa mkononi, vinavyodaiwa kupima moyo. Vingi vyao husoma mapigo kwa upande mmoja tu, na havitoshi kuonyesha shambulio la moyo kwa uhakika. Halmashauri zisinunue urembo zikidhani zimenunua kipimo.

Nne, katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, ikiwa ni pamoja na Kitete mjini Tabora, awepo daktari wa zamu ambaye kazi yake iliyoandikwa ni kuyajibu maswali ya moyo yanayotoka vituoni, usiku na mchana, katika muda usiozidi dakika 10. Leo wahudumu wengi husaidiana kwa makundi yao ya simu, na tunawapongeza kwa moyo huo. Lakini maisha ya mtu hayafai kutegemea kama daktari rafiki yuko macho na ana salio. Hisani hiyo igeuzwe kuwa zamu rasmi. Aidha, picha za vipimo na majina ya wagonjwa yasitawanywe ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuweka mipaka, nayo inamhusu mtumishi wa afya kama inavyowahusu wengine.

Tano, dawa ya kuyeyusha damu ifike hospitali za wilaya, pamoja na mafunzo ya kuitumia. Ni dawa yenye hatari zake, kwani yaweza kusababisha damu kuvuja ubongoni, na haifai kutolewa na mtu asiyejua ni nani asipewe. Lakini dawa iliyofungiwa makao makuu kwa sababu ya hofu haimwokoi mtu. Kumpigia simu mgonjwa gari, kumfikisha mbio hospitali, kisha kukosa dawa hapo, ni kumharakisha kwenda kungoja.

Sita, mipaka ya utawala isiwe ukuta. Mgonjwa wa Tura ana Tabora upande wa magharibi, lakini upande wa mashariki, ng'ambo ya mpaka wa Mkoa wa Singida, ipo Hospitali ya Mtakatifu Gaspari ya Itigi. Mratibu wa rufaa aangalie ni hospitali gani inayofikika upesi zaidi usiku ule, kwa barabara iliyopo, na yenye tiba inayohitajika. Msuli wa moyo haujui mkoa.

Tunafahamu kwamba wako watakaoleta hoja. Watasema kwamba magari ya wagonjwa hayatoshi hata kwa wazazi, na kwamba kumwingiza mgonjwa wa moyo katika mfumo huo ni kumpokonya mama nafasi yake. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Haitakuwa haki hata kidogo mama anayetoka damu akose gari kwa sababu limekwenda kumchukua mtu mwingine. Jibu letu ni kwamba madereva wa jamii waongezwe kabla namba haijafunguliwa kwa wote, na fungu la fedha za nauli liongezwe kwa kiasi hicho hicho. Mgonjwa mpya asiingizwe kwenye mfumo bila fedha yake kuingia pamoja naye. Tukifanya kinyume chake, tutauua mfumo mzuri kwa kuupenda kupita kiasi.

Wengine watasema kwamba simu zenyewe hazishiki kila mahali. Ni kweli. Ndiyo maana mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana saini mikataba na makampuni ya simu ya kujenga minara 758 vijijini. Tunawaomba wanaopanga mahali pa kusimamisha minara waikumbuke zahanati. Mnara unaoliwezesha soko na kuiacha zahanati gizani umefanya nusu ya kazi.

Na wapo watakaosema kwamba ni heri kuzuia kuliko kutibu. Nasi tunakubali kwa dhati. Mtu anayepimwa shinikizo la damu, anayemeza dawa zake bila kukatiza, anayeacha tumbaku na kupunguza chumvi, ana nafasi kubwa ya kutoihitaji namba hiyo kamwe. Lakini mwenye kuhimiza kuzuia moto hazuii kununua ndoo. Mambo hayo mawili huenda pamoja, na mara nyingi ni mtu yule yule wa zahanati anayeyatenda yote mawili.

Hapa ndipo tunapowageukia wasomaji wetu walio walimu na watumishi wa umma. Katika kata kama Tura, ninyi ndio mnaogongewa mlango usiku. Afisa Mtendaji wa Kata, mwalimu mkuu, mkuu wa stesheni, bwana shamba: hawa ndio wenye simu iliyo na chaji, na hawa ndio ambao neno lao husikilizwa jirani aliyechanganyikiwa anapouliza, tufanye nini? Mtumishi anayejibu, mpigie 115, mkalishe, msimtembeze, ameokoa saa mbili. Anayejibu, mpeni tangawizi tuone kesho, amezipoteza. Tena ninyi wenyewe, kwa umri wenu na kwa kazi zenu za kukaa, mmo katika kundi linaloandamwa na maradhi haya.

Nchi yetu ina historia ya kuifundisha afya kwa umma mzima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria. Walimu walikuwa miongoni mwa wale walioviongoza vikundi hivyo. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Watu ndio waliochimba, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuelewa. Na simu ya leo ni hivyo hivyo. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Tunashauri kwamba dalili za shambulio la moyo ziwe somo mojawapo la mafunzo yao, na kwamba katika kila shule wanafunzi wa madarasa ya juu wafundishwe dalili hizo na namba ya kupiga. Mtoto wa darasa la saba ndiye mara nyingi anayejua kuisoma simu ya babu yake.

Mafundisho hayo yaseme ukweli wote. Yaseme kwamba maumivu ya kubana kifua yanayodumu zaidi ya dakika chache si gesi mpaka ithibitishwe hivyo. Yaseme kwamba wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kushambuliwa bila maumivu makali, wakawa na uchovu wa ghafla, kukosa pumzi au kichefuchefu tu. Na yaseme kwamba kukimbilia msaada na kukuta kwamba haikuwa moyo si aibu. Aibu ni kumlaza mtu mpaka asubuhi.

Mwisho, tunahimiza jambo ambalo halina gharama yoyote ila nidhamu. Kwa kila mgonjwa wa aina hii ziandikwe saa nne: saa maumivu yalipoanza, saa simu ilipopigwa, saa kipimo kiliposomwa, na saa dawa ilipotolewa. Mganga Mkuu wa Mkoa azitazame saa hizo kila mwezi, naye ataona mahali muda unapovuja. Pengine ni nyumbani, pengine ni barabarani, pengine ni ndani ya hospitali yenyewe, kwenye foleni ya kufungua faili. Ubovu usioandikwa haurekebishwi, na viongozi wasiotaka kuuandika wanajificha nyuma ya neno bahati mbaya.

Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi, na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Haki hiyo haikuandikwa kwa wakazi wa miji yenye mitambo peke yao. Serikali imekwisha kujenga zahanati, imenunua magari, imeweka namba ya simu, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua njia ya kila mwananchi kutibiwa bila kuuza ng'ombe wake. Vipande vyote hivyo vipo. Kazi iliyobaki kwa Wizara ya Afya, kwa mikoa na kwa halmashauri ni kuviunganisha, ili usiku mgonjwa wa Tura atakapobanwa na kifua, simu moja iamshe zahanati, dereva, daktari na hospitali kwa pamoja. Kazi hiyo ianze katika mwaka huu wa fedha, na ianzie kwenye kata zilizo mbali zaidi na hospitali.